Bonde la mto ni nini hasa? Tuuangalie mto Msimbazi wa Dar

Mtajie mtu wa Dar "bonde la Msimbazi", picha inayomjia haraka ni Jangwani, pale Morogoro Road inaposhuka kabla hujaingia Magomeni, zile nyasi, lile tope, na mvua zikikolea barabara inafungwa watu wanarudi nyumbani kwa miguu. Hajakosea, maana kwenye Kiswahili cha kila siku bonde ni pale chini, ndo maana tunasema "watu wa bondeni". Ila kwenye jiografia bonde la mto ni kitu kikubwa kuliko hicho, na mimi hii tofauti inaniuma kabisa kwa sababu kuna maelfu kwa maelfu ya watu wanaishi ndani ya bonde la Msimbazi na hawajui kama wamo.

Iko hivi. Bonde la mto ni eneo lote la ardhi ambalo mvua ikinyesha maji yake yanaishia kwenye mto huo. Lote. Kilimani, kwenye mteremko, uani kwako, juu ya bati lako, kwenye lami ya mtaa wenu, kama maji yanayotoka hapo yataishia Msimbazi basi hapo ni bonde la Msimbazi, hata kama kutoka kwako mpaka mtoni unaunganisha daladala mbili. Kile kieneo cha chini kando ya mto kinachojaa maji mto ukifurika ni kipande tu cha bonde, chenyewe ni uwanda wa mafuriko. Kwahiyo Jangwani ni uwanda wa mafuriko wa Msimbazi, sio bonde zima.

Sasa mpaka wa bonde uko wapi? Angalia paa la bati. Matone mawili yanadondoka pale juu kwenye mgongo wa paa, yamepishana kama kiganja tu, moja linashuka mbele ya nyumba jingine linashuka nyuma na hayaonani tena. Ardhi nayo ina mgongo kama huo na ndo mpaka wenyewe. Kwa Msimbazi mgongo muhimu upo vilima vya Pugu kule Kisarawe, sio vilima virefu, sehemu za juu kabisa ni kama mita 300 hivi toka usawa wa bahari, lakini ndo vinavyoamua. Mvua ikidondokea upande mmoja inakuja Msimbazi, ikidondokea upande mwingine inaenda mto Kizinga ambao unapita zake kusini kuelekea Mtoni.

Msimbazi wenyewe ni mfupi, karibu kilomita 35 tu. Unatoka kwenye misitu ya Pugu, mkoa wa Pwani huko, unashuka unaingia Dar upande wa Gongo la Mboto na Ulongoni, unaenda Kinyerezi, unapita kati ya Tabata na Vingunguti, Kigogo, Jangwani, halafu unaingia baharini pale daraja la Salenda. Ila bonde lake linakaribia kilomita za mraba 300 kwa sababu njiani unapokea vijito na mito mingine, kuna Luhanga, kuna mto Ubungo, kuna mto Ng'ombe unaopita Tandale. Yaani mtu wa Sinza ambaye hajawahi kukanyaga Jangwani anaishi bonde la Msimbazi sawasawa na yule ambaye maji yanamkuta kitandani. Hata mpira wetu umo humu ndani, Simba wanaitwa Wekundu wa Msimbazi kwa ule mtaa wa Kariakoo wenye jina la huu mto, na Yanga ni watoto wa Jangwani.

Ukishaielewa hiyo, kuna jambo linaloshangaza watu kila masika linaacha kushangaza. Siku moja nilikuwa Jangwani, jua limetoka, mjini hakuna hata wingu la maana, watu wameanika nguo. Kulikuwa na matuta ya mchicha pembeni ya mto na maji yalikuwa kwenye vimfereji katikati ya matuta. Nikaenda kununua hindi la kuchoma, narudi matuta siyaoni, yamebaki majani ya juu tu yanayumba, na maji yamekuwa ya kahawia kama chai ya maziwa. Mama mwenye bustani wala hakuangalia juu, akasema "Pugu kumenyesha hiyo", akaanza kung'oa alichoweza. Yule mama hajasoma jiografia popote lakini alichosema ndo maana nzima ya bonde la mto, kwamba mvua ya kule ni maji ya huku, yanachelewa kidogo tu njiani.

Na siku hizi hayachelewi kama zamani. Ardhi yenye miti na majani inakunywa maji kwanza, inayashika, inayaachia taratibu. Ukishajenga nyumba hadi nyumba, ukaweka pevingi uani na lami mtaani, maji hayana pa kuzama, yote yanakimbilia mtaroni kwa mara moja, na mitaro yote inakuja kukutana kwenye mto uleule. Juu ya hapo weka mchanga. Udongo wa kule juu ni wa kichanga, mteremko ukifyekwa mvua inaubeba, na maji yakifika Jangwani ambako ni tambarare yanapunguza mwendo, yanautua pale. Sakafu ya mto inapanda, uwazi chini ya daraja unapungua, ndo maana kila mara unaona makatapila yanachimbua na baada ya mvua chache mchanga umerudi. Na taka nazo zinaziba.

Halafu kuna upande wa bahari ambao watu wanausahau. Pale Salenda kwenye mikoko, bahari ikijaa maji ya mto yanakosa njia, yanasimama. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, zile siku bahari inajaa kupita kawaida, ni shida juu ya shida.

Kwenye mafuriko ya Desemba 2011 tuliona yote hayo kwa ukubwa wake, watu karibu 40 walipoteza maisha Dar na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Sasa hivi upo mradi wa bonde la Msimbazi, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 uliopitishwa 2022, kuna fidia kwa wenye nyumba, kupanua na kuchimba mto, daraja jipya la Jangwani. Mimi naona ni jambo jema kabisa, ila angalia lile jina, limeandikwa bonde, na bonde ndo hilo tulilosema linaloanzia Pugu.

Jambo jingine linalochanganya watu, bonde linaweza kuwa ndani ya bonde. Mto Ng'ombe una bonde lake dogo, lenyewe lipo ndani ya bonde la Msimbazi. Na serikali imeigawa nchi kwenye mabonde makubwa 9 ya usimamizi wa maji, hapo Msimbazi umewekwa chini ya Wami/Ruvu japo hauingizi hata tone kwenye Wami wala Ruvu, ni mpangilio wa kiofisi tu kwa hii mito ya pwani.

Ukitaka kujua kwako ni bonde gani huhitaji ramani, subiri mvua. Toka na mwamvuli, fuata maji ya mtaro wa mbele ya geti lako, uone yanaingia mtaro gani mkubwa, na huo unaingia kijito gani. Uliza wazee wa mtaa jina la hicho kijito, wengi wanalo.