Anatomia ya kukisia: kumtia mifupa kiumbe wa mchezo wa kompyuta

Anatomia ya kukisia ni zoezi la kumchukua kiumbe asiyekuwepo duniani, aliyechorwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta tu, na kumchunguza kana kwamba ameshushwa asubuhi hii kwenye diko la wavuvi: moyo wake umekaa wapi, anavuta pumzi kwa mapafu au kwa mashavu kama samaki, anakula nini, na uzito wake unabebwa na mifupa gani. Uchunguzi ukivuka mwili mmoja ukaingia katika uzazi, chakula na mazingira ya kiumbe huyo, huitwa biolojia ya kukisia.

Neno la kushika hapa ni kukisia, nalo si sawa na kubahatisha. Mnunuzi mzoefu anayesimama mnadani na kumkadiria jodari kilo kwa jicho hana mizani mkononi, lakini ana kumbukumbu ya majodari mia aliowaona kabla ya huyo, na kumbukumbu hiyo inamfunga asitaje kilo zozote zinazomjia mdomoni. Mchoraji wa mchezo yuko huru; anayekisia amefungwa na viumbe halisi.

Tumtazame Charizard, kiumbe mfano wa joka mwenye mabawa, wa Pokémon, mchezo uliotoka Japani mwaka 1996. Takwimu za mchezo zinasema kimo chake ni mita 1.7 na uzito wake kilo 90.5, na kwamba anaruka. Kwa mizani tumchukue popo wa Pemba, wale wanaoning'inia mchana kutwa kwenye miti ya Kidike, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufikia kiasi cha mita 1.6 na uzito wake ni kama nusu kilo. Tukimkuza popo huyo kwa umbo lilelile mpaka afikie kilo za Charizard, uzito utakuwa umeongezeka mara 181, ilhali upana wa mabawa umeongezeka chini ya mara sita, kiasi cha mita 9, na eneo la ngozi ya mabawa mara 32 tu. Maana yake ni kwamba kila kipande cha ngozi kitabeba mzigo unaokaribia mara sita ya ule wa awali. Ndiyo kanuni aliyoieleza Galileo mwaka 1638: mwili ukirefuka mara mbili kwa kila upande, eneo lake huwa mara nne, lakini uzito huwa mara nane.

Hata hivyo, haraka ya kusema kwamba haiwezekani ni dosari ya wakisiaji wengi. Zama za dinosauri aliishi mtambaazi arukaye aitwaye Quetzalcoatlus, mwenye mabawa ya kiasi cha mita 10, ambaye wataalamu wengi humkadiria zaidi ya kilo 200. Kwa hiyo kilo 90 si tatizo. Tatizo ni mabawa mafupi aliyochorewa Charizard, na kubwa zaidi ni mahali yalipoota. Bawa la popo ni mkono: ukilikunjua taratibu utaona kidole gumba chenye ukucha juu, kisha vidole vinne virefu na vyembamba vilivyoivuta ngozi kama mbavu za mwavuli. Charizard ana mabawa mgongoni na mikono kamili pia. Ukiacha samaki, wanyama wote wenye uti wa mgongo tunaowajua, kuanzia kasa hadi kima, wamejengwa kwa viungo vinne, na walio na pungufu, kama nyoka, ni kwa sababu vizazi vyao vilivipoteza. Anayekisia ana njia mbili: aseme kiumbe huyu ametoka katika ukoo mwingine kabisa, au aseme mabawa yametokana na mbavu, kama mijusi wa Asia ya Kusini-Mashariki wanaotanua mbavu zao na kuteleza hewani kutoka mti hadi mti. Njia ya pili inanivutia zaidi, ingawa ina gharama yake, kwani mijusi hao huteleza tu, hawapigi mabawa.

Ulaji nao huleta dalili. Kiumbe wa mchezo akionyeshwa anatafuna mawe au makaa, kabla ya kucheka tuwakumbuke kima punju wa Jozani, ambao hula mkaa kwa sababu unasaidia kunasa sumu iliyomo katika majani ya miembe na mikungu wanayoyapenda. Swali linalofaa, basi, ni chakula gani kingine kinamlazimisha kufanya hivyo.

Wakati mwingine takwimu zenyewe hugombana. Wailord, nyangumi wa Pokémon, ameandikiwa urefu wa mita 14.5 na uzito wa kilo 398. Nyangumi wenye nundu wanaopita upande wa Kizimkazi kati ya Julai na Septemba wana urefu unaokaribia huo, na uzito wao hufikia tani 25 hadi 30. Kwa umbo la namna hiyo, mwili wa Wailord ungekuwa mwepesi kuliko maji zaidi ya mara 60, na angeelea juu ya bahari kama dumu tupu, akisukumwa na kaskazi hadi ufukweni. Lakini mchezo huohuo unasema anavuta pumzi na kupiga mbizi karibu mita 3,000. Pumzi nyingi kifuani humzidishia kuelea, na nyangumi halisi wazamao mbali hutegemea zaidi oksijeni iliyohifadhiwa katika damu na misuli.

Mambo hayo mawili hayawezi kukaa katika mwili mmoja, na anayekisia hana budi kuachia moja na kutoa sababu. Mimi naachia kilo, kwa kuwa kupiga mbizi ni mwenendo, na mwenendo unaweza kujengewa misuli, damu na mifupa. Kilo 398 ni tarakimu tu, wala hakuna kiungo chochote mwilini mwa Wailord kinachoihitaji.