Je, wajua kwa nini Macbeth anamuua mfalme tusimwone?

Kikundi cha maigizo kikishika Macbeth ya Shakespeare, iwe kwa Kiingereza au kwa tafsiri ya S. S. Mushi ya 1968, kishawishi huja mapema: tuonyeshe mfalme Duncan anavyochomwa kisu! Mwandishi hakufanya hivyo. Mfalme analala, Macbeth anaingia chumbani, na sisi tunabaki nje.

Si kwamba Shakespeare aliogopa damu. Katika Julius Caesar, aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1963, mtawala anauawa mchana kweupe mbele ya watu, kisha Brutus, mmoja wa wauaji, anawaambia wenzake wachovye mikono damuni mpaka viwikoni. Brutus anaamini anaiokoa Roma, kwa hiyo hana la kuficha. Macbeth ni mwizi. Anajua fika kuwa Duncan ni ndugu yake, mfalme wake na mgeni aliyelala chini ya dari lake, na mwizi kazi yake ni usiku. Tukifungiwa nje, hatuna wa kumtazama isipokuwa yeye anapotoka. Hapo ndipo tamthiliya ya kupora kiti inapoanza hasa: kiti amekipata, usingizi umemtoka.

Hadhira ya Iringa haihitaji kufafanuliwa sana. Munyigumba, mtawala wa Wahehe, alipofariki karibu na 1879, mkwewe Mwambambe alitwaa utawala wa Uhehe, mwanawe Mkwawa akakimbilia Ugogo, kisha akarudi na kumshinda. Malcolm, mtoto wa Duncan, anapokimbilia Uingereza, Mhehe anaijua njia hiyo. Mrithi aliye hai ndiye anayemkosesha mporaji raha, ndiyo maana Macbeth haishii kwa Duncan: anamfuata Banquo, jemadari mwenzake aliyetabiriwa kuzaa wafalme, halafu mke na watoto wa Macduff, bwana aliyekataa kumtii.

Sasa jukwaani. Visu ni viwili, vya walinzi wawili waliolala chumbani kwa mfalme, na Macbeth anatoka navyo kwa kuchanganyikiwa. Alitakiwa aviache huko ili walinzi wasingiziwe. Mkewe havitambui mpaka mistari takriban 30 ipite. Kosa la kawaida ni mwigizaji kuvificha nyuma ya mgongo. Avishike kiunoni, wazi, hadhira ivione kabla ya mke, maana wasiwasi wote wa onyesho hilo umo katika mistari hiyo.

Damu ya maji na rangi tupu haifai: inateleza, na kwenye ngozi nyeusi haionekani kutoka mbali. Chemsha vikombe 2 vya sukari na kikombe 1 cha maji mpaka inate, ipoe kidogo, kisha tia kijiko cha chai cha rangi nyekundu ya chakula na nusu kijiko cha kakao kuipa uzito. Paka viganja na vidole tu. Ukimwagia nguo nzima, watu watatazama nguo.

Kisha mlango unabishwa. Sauti hii inawakuta wawili hao wakiwa bado na damu mikononi, na inarudia mpaka bawabu aje. Usigonge bati, litatoa ngurumo. Kinu na mchi vina mlio mzito mzuri, lakini watu watasikia mama anatwanga, na kicheko kikitoka hakirudi. Tafuta ubao mnene wa paini, inchi 2 hivi, usimame kwenye sakafu ya saruji nyuma ya pazia, na ugongwe kwa ngumi iliyofungwa kitambaa. Acha kimya kirefu kati ya mabisho.

Kumbi zetu nyingi ni za mabati, na onyesho hili huendeshwa kwa minong'ono, ambayo mvua ikipiga bati haisikiki. Iringa mjini, Juni hadi Septemba ni salama. Tukuyu mvua inaweza kunyesha hata kiangazi, basi wasogeze waigizaji ukingoni mwa jukwaa badala ya kuwaambia wapaze sauti.

Katika sehemu ya tano Lady Macbeth anatembea usingizini akinawa damu isiyokuwepo. Wengi humpaka tena ile damu ya sukari, na wanaharibu. Mikono iwe mikavu, safi kabisa. Anaingia na mshumaa. Auweke chini kwanza, ndipo aanze kusugua.