Wadhamini watatu utawatoa wapi?

Matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hudai mambo yaleyale: wasifu, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na vya taaluma, pamoja na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika, yaani watu wanaokufahamu na wanaoweza kueleza sifa zako. Kwenye wadhamini ndipo wahitimu wengi wanapokwama. Mtu amekaa chuoni miaka mitatu, GPA yake nzuri, lakini hakuna mhadhiri hata mmoja awezaye kueleza yeye ni nani, maana ukumbini walikuwa mamia.

Zipo fani zenye njia iliyokwisha kuchongwa. Daktari ana mwaka mmoja wa utarajali. Mhandisi ana mpango wa miaka mitatu chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Sasa aliyesoma historia, isimu, sosholojia au kemia? Hakuna anayemngoja mlangoni. Huyo ndiye anayehitaji ushauri wa kazi mapema kuliko wenzake, na kwa bahati mbaya ndiye anayetujia sisi washauri wiki chache kabla ya mtihani wa mwisho.

Wanaosema fani hizo hazina maana wanakosea sana. Mwanafunzi aliyeshinda Nyaraka za Taifa akipekua majalada ya enzi za ukoloni amejifunza kupima ushahidi na kuandika ripoti, na kila ofisi inahitaji watu wa namna hiyo. Tatizo ni kwamba wasifu wake hausemi hivyo. Unasema "nina uwezo wa kufanya kazi kwa bidii bila kusimamiwa", sentensi ambayo mwajiri ameshaisoma mara mia. Afadhali aandike, kwa mfano: "Nilihoji wazee 20 Bagamoyo kuhusu umiliki wa ardhi, nikaandika ripoti ya kurasa 40."

Azimio la Musoma la 1974 liliwataka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu. Utaratibu huo haupo tena. Wengi wanafika Mlimani au Dodoma wakitokea darasani moja kwa moja, na mafunzo kwa vitendo, ile fildi, ndiyo mara yao ya kwanza kukaa ofisini. Inasikitisha kuona kitabu cha kumbukumbu kimejazwa chote siku ya mwisho, wino mmoja, maneno yaleyale: "nilisaidia kazi za ofisi." Kijaze kila jioni. Andika ulipanga majalada gani, ulikuta kasoro gani, nani alikuelekeza. Kabla hujaaga, mwombe msimamizi wako ridhaa ya kumtaja, uchukue na cheo chake na namba ya simu anayoipokea.

Huyo ni mdhamini wa kwanza. Wa pili ni msimamizi wa tasnifu yako, ukimpelekea kazi kwa wakati. Wa tatu mtafute kwenye semina, kundi likiwa dogo: uliza swali, kisha mfuate ofisini kwake na ulichokisoma.

Na majina yako yakague ungali mwaka wa pili. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha kidato cha nne Muhammad na kitambulisho cha NIDA kina lake, mwone wakili akuelekeze utaratibu wa kisheria. Ukingoja tangazo litoke, siku za kutuma maombi zitakwisha ungali kwenye foleni.