Usiri wa faili la mtoto aliye chini ya uangalizi wa serikali ni nini?

Usiri wa faili la mtoto ni wajibu wa kila anayeshika habari za mtoto aliye chini ya uangalizi wa serikali kuzitumia kwa kumlinda mtoto huyo tu, na kutomwambia mtu mwingine isipokuwa yule anayezihitaji kwa kazi hiyohiyo. Wengi hudhani hii ni siri ya ofisi. Sivyo. Mwenye siri ni mtoto; ofisi imepewa amana.

Tuseme hapa Kenya mtoto wa miaka saba ameonekana steji ya Malindi usiku, hana mtu. Polisi wataandika kwenye OB, yaani daftari la matukio la kituo, afisa wa watoto atafungua faili, na kuanzia hapo karatasi zitazidi: picha yake, jina la chifu wa kwao, barua ya daktari, maelezo ya nyanya yake kule Ganda. Baadhi ya hayo huingizwa pia katika mfumo wa kompyuta wa idara ya watoto, uitwao kwa kifupi CPIMS. Kisha kuna ripoti ya hali ya nyumbani, ambayo hakimu wa mahakama ya watoto huisoma kabla ya kuamua mtoto arudi kwa jamaa, apewe mlezi wa muda, au apelekwe nyumba ya watoto.

Ripoti hiyo ndiyo yenye mazito. Humo mna nani alikuwa akimpiga, mama alikokwenda, maradhi yaliyomuua baba. Afisa ameyapata kwa kukaa mkekani na nyanya na kuambiwa mambo ambayo bibi huyo hajawaambia hata wanawe. Akisikia yamefika sokoni, hatasema tena, wala jirani yake hatasema, na hakimu ataamua bila kuijua nyumba anayomrudisha mtoto.

Sheria zipo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na cha 53 kinataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, hairuhusu jina, picha, shule wala makao ya mtoto aliye na kesi kuchapishwa hata akatambulika. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imezihesabu habari za afya na za familia kuwa nyeti.

Lakini usiri si kumfungia kila mtu mlango. Mlezi katika nyumba ya watoto lazima ajue mtoto anakunywa dawa saa ngapi. Mwalimu anatakiwa kujua ni nani anayeruhusiwa kuja kumchukua getini, na nani hata akija na zawadi asipewe. Ugonjwa wenyewe mwalimu hana haja ya kuujua. Ikiwa ni virusi vya ukimwi, kuutangaza ni kosa kwa sheria ya ukimwi ya 2006. Kila mtu aambiwe kwa kadiri ya kazi yake. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hatoki nayo nje.

Huku kwetu pwani siri hizi huvuja kwa njia nyingine, tena kwa nia njema: picha. Mgeni anazuru nyumba ya watoto, anapakata mtoto, wanapigwa picha, na jioni picha iko mtandaoni pamoja na jina la kituo na maelezo kwamba mtoto alitupwa na mamake. Mtoto huyo atakua, ataingia sekondari, na wenzake wataiona. Mkurugenzi wa kituo akisema wafadhili wanataka kuona watoto, namwelewa, lakini jibu ni hapana. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi hadharani bila idhini ya wazazi. Mtoto asiye na mzazi wa kumsemea anastahili ulinzi zaidi ya huo, si pungufu.

Kuna na upotovu wa pili, nao unaniuma zaidi: kituo kumzuia mkaguzi, au kumnyamazisha mfanyakazi aliyeona mtoto akiteswa, kwa kisingizio cha usiri. Siri ya mtoto haimfichi anayemdhuru. Anayejua jambo kama hilo apige 116. Simu hiyo ni bure, mchana na usiku.

Na mwenye faili naye ana haki juu yake. Akifika miaka 18 na kutaka kitambulisho, huenda faili hilo ndilo pekee linaloonyesha kwao ni wapi na ndugu zake ni nani. Sheria ya data inampa haki ya kuona yaliyoandikwa juu yake na kutaka makosa yasahihishwe, hata kama ni jina la ukoo lililoandikwa vibaya usiku ule wa kwanza. Sasa serikali ina mpango wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto vituoni na kuwarudisha katika familia. Kwa maoni yangu, kituo kinachofungwa kisichome karatasi wala kuziacha stoo: kila faili likabidhiwe ofisi ya watoto, kwa orodha na sahihi ya aliyelipokea.