Korona, mipaka na hesabu ya watu wa Australia

Kazi yangu ni takwimu za watu, na swali ninaloulizwa sana kuhusu miaka ya korona ni kama vifo ndivyo vilivyosimamisha ongezeko la watu. Kwa Australia, hapana. Hadi mwisho wa 2020 korona ilikuwa imeua watu 909 nchini humo, na vizazi viliendelea kuzidi vifo kwa zaidi ya 100,000 kwa mwaka. Kilichovuruga hesabu ni mipaka.

Mwaka 2018–19 (Julai hadi Juni) walioingia kuishi waliwazidi walioondoka kwa karibu 240,000, na idadi ya watu ikakua kwa asilimia 1.5. Machi 2020 mipaka ikafungwa. Katika mwaka ulioishia Juni 2021, walioondoka ndio waliozidi, tena kwa zaidi ya 80,000, jambo lililokuwa halijaonekana tangu miaka ya 1940. Ukuaji ukaporomoka hadi takriban asilimia 0.2.

Jiji la Melbourne liliumia zaidi, kwa sehemu kwa sababu lilitegemea wanafunzi wa kigeni. Kanuni ya Australia humhesabu mtu kuwa mkazi akikaa nchini miezi 12 ndani ya kipindi cha miezi 16, na humwondoa kwa kipimo hichohicho. Basi mwanafunzi aliyekwenda kwao likizo Januari 2020 akafungiwa nje alitoka kwenye hesabu, hata kama aliendelea kusoma chuo kilekile kwa intaneti.

Wakati huohuo maeneo ya nje ya miji mikuu yaliongezeka. Magazeti yalishangilia watu wa mjini kuhamia pembezoni, na kweli walikuwepo. Lakini sehemu muhimu ya ongezeko hilo ni wenyeji ambao kwa kawaida wangehamia mjini, safari hii wakabaki. Anayebaki hapigwi picha akishusha mizigo, kwa hiyo husahaulika.

Kisha ikaja 2022–23: ziada ya wahamiaji ikapita 500,000, na watu wakashtuka. Mimi huwaomba watazame upande wa waliotoka. Wanafunzi ambao wangekuwa wanamaliza masomo na kuondoka mwaka ule hawakuwahi kuingia 2020 na 2021. Waingiaji walirudi kwa pamoja, waondokaji wakawa wachache mno, na tofauti ikavimba. Mwaka 2023–24 walioondoka walianza kuongezeka huku wanaoingia wakipungua, na ziada ikashuka hadi karibu 446,000.