Mpinzani akichangia bungeni: tunayoamini vijiweni na yaliyomo kwenye Hansadi

Kila msimu wa bajeti ukifika Dodoma, maneno ni yaleyale. Mbunge wa upinzani amesimama, amechangia mpaka kengele ya pili imelia, ukumbi umechangamka, kisha kura imepigwa na hoja ya Serikali imepita kama ilivyoletwa. Jioni watu wanaulizana: sasa yule amefanya nini? Nimesoma Hansadi, yaani Taarifa Rasmi za majadiliano ya Bunge letu la Tanzania, kwa miaka mingi, na kila ninapoendelea kusoma ndivyo ninavyoona kwamba swali hilo linasimama juu ya dhana ambazo kumbukumbu zenyewe za Bunge zinazikana.

"Akishindwa kura, maneno yake yamekwisha"

Kwenye kura atashindwa karibu kila mara. Tangu uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi mwaka 1995, chama tawala, CCM, hakijawahi kukosa wingi bungeni, na Hansadi hufunga mambo kwa mabano mafupi: "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa". Anayeishia kwenye mabano hayo ataona kweli mchango umezikwa.

Lakini fuatilia Buzwagi. Agosti 2007 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya Chadema, alileta hoja binafsi akitaka iundwe kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Alihoji kwa nini mkataba mpya umesainiwa, tena London, wakati Rais ameshaagiza mikataba ya madini ipitiwe upya. Hoja ilikataliwa. Zaidi ya kukataliwa, Bunge liliamua kwamba amesema uongo dhidi ya waziri na likamsimamisha. Siku ile ungesema ameondoka mikono mitupu, na ameumia juu yake.

Novemba mwaka huohuo Rais Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na miongoni mwa wajumbe alikuwemo Zitto huyohuyo aliyekuwa nje ya ukumbi kwa adhabu. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria mpya ya Madini. Mrabaha wa dhahabu, yaani malipo ambayo kampuni huilipa Serikali kwa madini inayochimba, ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4, na muhimu kuliko kupanda huko, ukaanza kukokotolewa kwenye thamani ghafi ya madini badala ya kile kinachobaki baada ya kampuni kutoa baadhi ya gharama zake. Sisemi hotuba moja ilileta yote hayo. Wananchi, wanaharakati, waandishi na wabunge wa CCM pia walisukuma. Ninachosema ni kwamba hoja iliyokufa Agosti haikuzikwa, na aliyekuwa akihesabu kura peke yake hakuweza kuiona ikitembea.

Mwaka 2012 lilitokea jambo linalofanana. Baada ya taarifa za ukaguzi za mwezi Aprili kuwasha moto bungeni, Zitto alianza kukusanya saini za hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Ibara ya 53A ya Katiba inataka saini za angalau asilimia 20 ya wabunge wote, na taarifa imfikie Spika siku 14 kabla. Hoja haikufika hata kujadiliwa. Lakini wabunge kadhaa wa chama tawala waliweka saini zao, na tarehe 4 Mei Rais alitangaza Baraza jipya la Mawaziri ambamo mawaziri sita hawakurudi.

"Kazi ya upinzani ni kupinga"

Neno lenyewe ndilo linalotuponza. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge zima kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Haijagawa usimamizi kwa upinzani na utetezi kwa chama tawala. Mpinzani akileta jedwali la marekebisho ya muswada, akataka neno "anaweza" liwe "atawajibika" kwenye kifungu fulani, hajapinga muswada. Anaukaza. Marekebisho ya aina hiyo hukubaliwa mara nyingi kuliko tunavyosikia, kwa sababu hakuna anayerusha mtandaoni video ya mtu akibadilisha neno moja.

"Akishika shilingi anataka kumkata waziri mshahara"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni utaratibu mzuri na watu wengi wanaudharau. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, Spika huitwa Mwenyekiti na mafungu ya wizara hupitishwa moja baada ya jingine. Likifika fungu lenye mshahara wa waziri, mbunge anaweza kusema asipopata maelezo ya kuridhisha ataondoa shilingi kwenye mshahara huo. Huko ndiko kushika shilingi. Ni shilingi moja kweli, na hakuna anayeihitaji. Inachofanya ni kuzuia fungu lisipite kimya kimya: waziri anasimama kujibu jambo moja mahususi, barabara fulani au fidia fulani, na mbunge asiporidhika anatoa hoja, wenzake wanaounga mkono wanasimama, na mjadala unafunguliwa kwa jambo hilo tu.

Mara nyingi utaona mbunge anairudisha shilingi, na watu wanasema ameingizwa mfukoni. Si lazima. Waziri akishatamka kwamba fidia italipwa ndani ya mwaka fulani wa fedha, tamko hilo limeingia kwenye Taarifa Rasmi likiwa na jina lake. Mwaka unaofuata mbunge anarudi nalo, anataja tarehe, anasoma maneno ya waziri mwenyewe. Nimeona mbunge akirudia ahadi ileile misimu mitatu mfululizo. Huo si ukaidi. Ndiyo kazi aliyotumwa.

"Ana kinga, anaweza kusema lolote"

Ibara ya 100 inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano: mbunge hashtakiwi mahakamani kwa alichosema au kufanya ndani ya Bunge. Kinga hiyo haimfuati akilirudia jambo lilelile kwenye mkutano wa hadhara. Na ndani ya ukumbi kwenyewe kuna Kanuni za Kudumu. Zinakataza kutoa taarifa zisizo na ukweli. Mbunge mwenzake anaweza kudai uthibitisho, na akishindwa kuuleta anatakiwa afute kauli. Akikataa, anaadhibiwa.

Tatizo la mpangilio huu ni kwamba anayeamua kama kauli ni kosa ni Bunge lenyewe, kwa wingi uleule wa kura. Aprili 2019 mbunge wa Chadema Halima Mdee alisimamishwa mikutano miwili ya Bunge kwa kuunga mkono kauli ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kwamba Bunge ni dhaifu. Kwa maoni yangu adhabu ile ilikuwa kali kupita kiasi. Bunge linaloamini kwamba si dhaifu lingejibu hoja kwa hoja. Lakini yeyote anayedhani mpinzani husimama pale akiwa hana cha kupoteza, akumbuke kwamba anayesimamishwa anawaacha wapiga kura wake bila sauti kwa mkutano mzima au zaidi.

"Anayechangia sana ndiye anayesikika sana"

Ukumbini mchangiaji hupewa dakika chache, mara kumi, mara tano. Kazi nzito iko kwenye kamati, ambako hakuna makofi. Kwa desturi, Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, huongozwa na mbunge wa upinzani ingawa wajumbe wake wengi ni wa chama tawala. Sakata la akaunti ya Escrow ya Tegeta, iliyokuwa ikitunza malipo ya umeme yenye mgogoro kati ya shirika la TANESCO na kampuni ya IPTL, linaonyesha namna kelele na kazi ya kimya zinavyohitajiana. David Kafulila, akiwa mbunge wa Kigoma Kusini kupitia NCCR-Mageuzi, ndiye aliyeling'ang'ania jambo hilo ukumbini mwaka 2014, akabezwa. Lakini hotuba zake zisingetosha. Ukaguzi maalumu ulifanyika, PAC ikakaa na makabrasha yake, na Novemba taarifa ikasomwa bungeni na mwenyekiti Zitto Kabwe pamoja na makamu wake Deo Filikunjombe wa CCM. Fedha zilizokuwa zikizungumzwa zilizidi shilingi bilioni 300. Maazimio yalipitishwa na Bunge lenye wabunge wengi wa CCM. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akajiuzulu Desemba, waziri wa ardhi akaondolewa mwezi huohuo, na waziri wa nishati na madini akajiuzulu Januari 2015.

Kuna michango mingine isiyosikika kabisa. Mbunge aliyekosa nafasi ya kusema anaweza kuchangia kwa maandishi, na mchango huo huchapwa kwenye Hansadi baada ya waliozungumza. Baadhi ya hoja bora nilizowahi kusoma, zenye takwimu za wilaya kwa wilaya, ziko huko, na hakuna aliyezipigia makofi.

"Mpinzani hawezi kuleta maendeleo jimboni"

Hili huvuma wakati wa kampeni. Ukweli ni kwamba mbunge wa kawaida, awe wa chama gani, hawezi kujipangia fedha: Ibara ya 99 inamzuia kupendekeza kodi mpya au matumizi mapya ya fedha za umma, kazi hiyo ni ya Serikali. Anaweza kupendekeza kodi ipunguzwe. Mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2009, huenda kwenye kila jimbo bila kuuliza chama, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Barabara ikinyimwa fedha kwa sababu ya chama cha mbunge, aliyekosea ni mgawaji.

"Wakitoka nje wameshinda"

Hapa nawakosoa wapinzani, na nasema kwa uchungu kwa sababu nilikuwa nawasubiri kwenye kurasa. Katika mkutano wa bajeti wa mwaka 2016 walikuwa wakiingia, dua inasomwa, wanatoka, kwa kuwa hawakubaliani na Naibu Spika aliyekuwa akikalia kiti. Malalamiko yao yalikuwa na uzito. Tangu Januari mwaka huo TBC ilikuwa imeacha kurusha mijadala moja kwa moja, na walihisi wanafungwa midomo. Lakini kutoka nje hakuandikwi kama hoja. Bajeti ya 2016/17 ilipitishwa bila wao, na anayesoma kumbukumbu za siku zile leo hakuti swali lao hata moja mahali ambapo swali lilihitajika.

Pengo hilo lilikuja kuwa kubwa kuliko walivyofikiria. Kanuni zinataka upinzani uwe na angalau asilimia 12.5 ya wabunge wote ndipo iundwe Kambi Rasmi, yenye kiongozi wake, mawaziri kivuli (wabunge wa upinzani wanaofuatilia kila wizara) na haki ya kusoma hotuba yake mara baada ya waziri na kamati. Katika Bunge la 12, lililoanza Novemba 2020, idadi hiyo haikufikiwa. Fungua Hansadi ya bajeti ya wizara yoyote ya miaka ile: waziri anasoma, mwenyekiti wa kamati anasoma, kisha Spika anaita mchangiaji wa kwanza.