Je, wajua kwa nini daktari hukugonga mguu ilhali kinachouma ni kinena?

Tuseme ni mama anayepara samaki pale Mwaloni, Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza. Kinena kinamuuma kwa miezi saba sasa, na ameshameza dawa za "UTI sugu" mara nne, nyingine bila hata mkojo kupimwa. Leo anategemea ultrasaundi. Daktari anamwambia atembee kwa ncha za vidole, kisha apande kitandani, na kumgonga kinyundo cha mpira nyuma ya kifundo cha mguu. Mguu na kinena wapi na wapi?

Vinakutana mgongoni. Neva, yaani mishipa ya fahamu, za kibofu, njia ya haja kubwa na sehemu za siri huchomoza chini kabisa ya uti wa mgongo, jozi ya pili hadi ya nne za eneo la kitakoni. Jozi ya kwanza, jirani yao wa ukuta mmoja, ndiyo inayorusha mguu ukigongwa pale. Mguu usiporuka, daktari anashuku hitilafu huko juu. Ndiyo maana pia hupapasa kwa pamba ngozi ya makalio na msamba, ile inayogusa kiti cha baiskeli, kuona kama ina ganzi.

Kwetu ziwani kuna mtuhumiwa mwingine: kichocho. Kwa kawaida mayai ya minyoo wanaokileta hutoka na choo au mkojo, lakini machache husombwa na damu ya vena hadi ncha ya uti wa mgongo, yakaleta uvimbe. Mgonjwa huumwa kiuno, miguu ikalegea, mkojo ukagoma kutoka. Hutibiwa kwa prazikwanteli pamoja na dawa za kushusha uvimbe. Kwa hiyo usishangae kuulizwa kama unaoga ziwani au unavua dagaa.

Ganzi ya msambani, mkojo kukwama ghafla, miguu kuishiwa nguvu: hayo ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Mguu wa mama yetu umeruka vizuri na pamba anaisikia. Je, neva zimeachiwa huru? Bado. Neva ya pudenda, ile ya msamba na sehemu za siri, inayopita katikati ya kano za nyonga, inaweza kubanwa na vipimo hivyo visionyeshe kitu. Hapo kazi inabaki kwa maswali. Ukikaa maumivu yanazidi? Ukisimama yanapungua? Usiku yanakuamsha? Na moja linalowachekesha wagonjwa: ukikaa kwenye choo cha kukaa, unapata nafuu? Choo kina tundu katikati, hivyo neva haikandamizwi. Ndoo iliyopinduliwa anayokalia kutwa nzima haina huruma hiyo. Daktari anayeuliza habari za choo, mimi namwamini.

Akijibu ndiyo, isipokuwa la usiku, anaweza kuchomwa sindano ya ganzi kando ya neva hiyo. Maumivu yakikatika kwa saa chache, neva imeanza kujitaja.